Babu alishtakiwa wakati wa Hali ya Hatari: usisimame kwenye jina

Ndugu uliyeuliza jinsi ya kujua kama mtu uliyemwona kwenye orodha ya walionyongwa katika Hali ya Hatari, ile miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Kenya ilipopambana na wapiganaji wa Mau Mau, ndiye babake nyanya yako wa Murang'a: nimepita njia hiyo nikimtafuta babu yangu mzaa baba, mtu wa Othaya. Wenzangu waliokujibu wamekuambia jina likifanana basi umempata. Mimi nakuomba usikubali haraka hivyo, maana ukikosea hapo utampa nyanya yako msiba wa mtu mwingine.

Fikiria tunavyotoa majina. Mtoto wa kwanza wa kiume huitwa babu yake upande wa baba. Kamau wa Njoroge anamzaa Njoroge wa Kamau, naye anamzaa Kamau wa Njoroge mwingine. Makarani wa miaka ya 1950 waliandika jina la mtu na la baba yake, wakaishia hapo. Nilipoanza kusoma, nilikuta babu yangu "yupo" Kiambu, yupo Nyeri, na yupo Nairobi, wote wameshtakiwa.

Kwa hiyo kabla ya kugusa karatasi yoyote, kaa na wazee. Uliza lokesheni yake na chifu wa wakati ule, uliza mbari, yaani ukoo wake, uliza majina ya wake zake. Uliza riika lake, yaani rika la waliotahiriwa pamoja, kwa sababu mwaka wa kuzaliwa hawataujua lakini mwaka wa kutahiriwa wanaujua vizuri, na hapo unaweza kukisia umri. Kama kuna kipande, kile cheti cha utambulisho cha wakoloni, kilichobaki kwenye sanduku la mtu, nakili ile namba. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920 kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kutembea nacho, na namba haina babu wala mjukuu wa kushiriki nayo.

Uliza pia walimwona mara ya mwisho akipelekwa wapi. Nyanya akikwambia Manyani au Mackinnon Road, ambazo zilikuwa kambi za kizuizini, yaelekea babake hakufikishwa mahakamani. Maelfu kwa maelfu waliwekwa kizuizini kwa amri tu, bila kesi, hasa baada ya msako wa Nairobi wa Aprili 1954 ulioitwa Operation Anvil. Mtu wa namna hiyo mtafute kwenye faili za kambi za kizuizini na za wakuu wa wilaya, si za mahakama. Na wapo walioachiliwa na jaji wakakamatwa tena mlangoni, hao wana faili pande zote mbili.

Kama kesi ilikuwepo, ya kosa la kifo, huenda ilisikilizwa na zile mahakama maalumu zilizoundwa mwaka 1953. Kati ya Aprili 1953 na Desemba 1956 ziliwafikisha kizimbani watu 2,609, na 1,574 kati yao wakahukumiwa kunyongwa. Waliofikishwa kitanzini katika Hali ya Hatari nzima ni 1,090. Ona hiyo tofauti. Kuhukumiwa hakukuwa lazima kufa: wapo walioshinda rufaa, wapo waliobadilishiwa kifungo kwa sababu ya umri mdogo, na wanawake waliohukumiwa hawakunyongwa. Wala si lazima mtu awe ameua. Kupatikana na risasi moja kulitosha.

Sasa karatasi zenyewe. Nenda Kenya National Archives pale Moi Avenue, kwenye jengo lililokuwa la Bank of India. Jiandikishe kama mtafiti, kisha waambie wa chumba cha kusomea kwamba unataka faili za wizara ya sheria, zile zinazoanza na herufi MLA. Humo ndimo zimo kesi nyingi za kifo. Usitafute kwa jina pekee. Jina huenda limeandikwa kwa sikio la Mzungu, L mahali pa R, au G imemezwa. Tafuta kwa wilaya na mwaka, halafu funua moja moja. Ni kazi ya kuchosha macho, lakini hakuna ya mkato niliyoiona ikifaulu.

Faili nzuri ina mashtaka, maelezo ya askari, ushahidi, maoni ya wazee wa Kiafrika waliokaa na jaji kama washauri, hukumu, rufaa ya Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, na mwisho barua za kumshauri gavana kama asamehe au la. Hizo barua za mwisho usizipite. Wengi huishia kwenye hukumu, lakini hapo ndipo mkuu wa wilaya anapoeleza mtu huyu ni nani kwao. Katika ile niliyoamini ni ya babu, lokesheni ilikuwa Mahiga, sawa, umri ulikaribia, lakini kilichonituliza ni maneno aliyoyasema mwenyewe mahakamani, kwamba siku hiyo alikuwa anatoka kumtazama dada yake aliyejifungua. Nilipomuuliza shangazi mkubwa bila kumdokezea kitu, alimtaja yule mtoto kabla sijamaliza kuuliza.

Ukishampata, au ukikwama, pitia Kenya Gazette za kuanzia 1953, ambazo nyingi zinasomeka mtandaoni bure. Serikali ilichapisha humo majina ya watu ilionyang'anya haki za ardhi kwa kuhusishwa na Mau Mau. Jina likionekana huko na ukoo wenu unakumbuka shamba lililopotea, mnakuwa na mashahidi wawili wasiojuana. Kwa mlio na ndugu London, faili zilizofichwa Hanslope Park kule Uingereza, ambazo serikali ya Uingereza ilikiri kuwa nazo mwaka 2011 wakati wazee wetu walipoishtaki, sasa ziko Kew, kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa la Uingereza, chini ya namba FCO 141. Hizo ni za sera zaidi kuliko za mtu mmoja mmoja. Na nyingine zilichomwa kabla ya uhuru, hivyo kukosa faili si ushahidi kwamba jambo halikutokea.

Jambo moja la mwisho, na hili nalisema kwa moyo wote. Soma peke yako kwanza. Mashahidi wametajwa humo kwa majina, na wengi walikuwa majirani, home guard (walinzi wa kijiji waliokuwa upande wa serikali) wa kijiji kilekile, ambao wajukuu wao mnasali nao kanisa moja. Maungamo mengi yaliandikwa na polisi, na mshtakiwa akayakana mbele ya jaji. Usimpe nyanya yako karatasi hizo kama Injili. Mueleze aliyoyasema babake, na akitaka kujua nani alisimama kumshtaki, mwache aulize yeye.

Niandikie lokesheni, riika, na mwaka mnaodhani alikamatwa. Nikienda tena Archives nitakuangalizia orodha ya Fort Hall, ndilo jina la Murang'a enzi za ukoloni.