Kuitikia mantra za jua siku ya Makar Sankranti

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni kijana wa Tanga, nasoma chuo Ahmedabad, India. Kila Januari 14, sikukuu ya Kihindu ya Makar Sankranti, tunakusanywa uwanjani jua likichomoza tufanye Surya Namaskar, yaani mfululizo wa mikao ya yoga ya kulisalimu jua, na kuitikia mantra, maneno ya Kisanskriti yanayotamkwa pamoja na mikao hiyo. Mwaka jana niliitikia bila kujua maana. Wenzangu wanasema ni mazoezi tu, na kinachohesabiwa ni nia. Pia majirani hutuletea vitamu vya ufuta na kutualika kurusha tiara. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullaah. Ya mwaka jana mwombe Allaah maghfira na usijitese nayo, hukujua ulichokitamka.

Sasa umejua. Mantra hizo ni kumi na mbili, kila moja ina jina la jua: Mitra, Ravi, Surya, Bhanu, mpaka Bhaskara, na baada ya jina yanafuata maneno ya kulinyenyekea. Wahindu wenyewe hawalifichi hilo. Kwao Surya ni mungu, na siku ile jua linaingia buruji ya Jadi. Wapo wanaoingia mtoni asubuhi na kulimiminia maji kwa viganja. Ni ibada, na hatuwatendei haki tukiiita michezo. Nasi tumeambiwa katika Suratu Fusswilat, aya ya 37: "Msilisujudie jua wala mwezi, bali msujudieni Allaah aliyeviumba."

Tazama na wakati wenyewe. Mtume (swalla Allaahu alayhi wa sallam) alimwambia Amr bin Abasa, katika hadithi aliyoipokea Muslim, akishaswali Alfajiri ajizuie kuswali mpaka jua lipande, kwa kuwa linapochomoza ndipo makafiri hulisujudia. Mtu anayemkusudia Allaah peke yake, tena kaelekea Kibla, kazuiwa sunna saa hiyo asije akafanana nao. Itakuwaje kwa aliyeelekea mashariki, viganja kifuani, akilitaja jua kwa majina yake? Hapo hoja ya nia haisimami. Nia njema haiyageuzi maneno ya ibada yakawa hesabu ya mazoezi.

Kunyoosha viungo ni jambo jingine. Ukifanya mazoezi chumbani saa kumi jioni, bila mantra na bila kulikusudia jua, sioni wa kukukataza, ingawa wapo wanazuoni wanaoukataa mpangilio ule wote, na kuuacha ni salama zaidi. Mazoezi yamejaa tele, bwana.

Uwanjani usiende kusimama kimya katikati ya safu. Nenda kwa msimamizi mapema, si asubuhi ile ile, umweleze kwa adabu kwamba dini yako haikuruhusu. Katiba ya India, ibara ya 28, inasema mwanafunzi wa chuo kinachotambuliwa au kusaidiwa na serikali halazimishwi kuhudhuria ibada chuoni. Mwaka 2015 serikali yenyewe iliiondoa Surya Namaskar katika ratiba ya Siku ya Yoga baada ya Waislamu kulalamika. Kwa hiyo huombi jambo geni. Ila usiwakejeli wala usimtukane mungu wao. Suratul An'aam, aya ya 108, imekataza.

Vitamu vya ufuta na sukari guru si nyama ya kuchinjwa. Jirani akikuletea kwa ujirani mwema, pokea, ule na umshukuru. Kilichowekwa kwanza mbele ya sanamu kiache, na ukikikataa tumia maneno laini. Wanazuoni wengine wamekaza zaidi katika zawadi za sikukuu zao, lakini hili ndilo ninaloliona.

Tiara asili yake ni halali. Sisi wote tumezirusha udogoni. Siku ile hasa zimekuwa sehemu ya sherehe, basi kaa kando, urushe siku nyingine. Tena ujihadhari na uzi wao uliopakwa unga wa chupa: unakata shingo za waendesha pikipiki na mbawa za ndege, na kudhuru hakuruhusiwi siku yoyote.

Wallaahu a'lam.