Tumehamia kwetu Gungu, na sasa hela haifiki tarehe 18

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 24 na watoto wawili, mkubwa miaka mitatu, mdogo miezi saba. Mwezi wa nane tulitoka chumba na sebule cha kupanga pale Mwanga, hapa Kigoma mjini, tukahamia nyumba yetu Gungu. Bati lipo na milango ipo, lakini sakafu haijasakafiwa, madirisha mawili tumeziba kwa mabanzi, na maji ya bomba hayajatufikia, tunanunua kwa dumu. Nilidhani kodi ikiisha tutapumua. Badala yake tarehe 18 hatuna kitu. Mume wangu ameajiriwa, kila asubuhi ananiachia elfu nane, jioni anauliza imeenda wapi. Wifi yangu anasema nyumba haina hadhi, nikope nichukue makochi, yeye atanidhamini. Nimechoka kuonekana mharibifu. Nifanyeje? Mama Wawili, Gungu.*

Marahaba, mwanangu, na hongereni kwa kulala chini ya bati lenu.

Wewe si mharibifu. Shida iko kwenye jinsi hela inavyokufikia. Elfu nane ya asubuhi hainunui gunia la mkaa, wala dumu la mawese, wala debe la maharage. Inanunua kopo la mkaa, kipimo cha mafuta na fungu la dagaa, na kesho unarudi gengeni kununua vilevile. Anayenunua kwa kipimo anamlipa muuza jumla faida yake, na muuza genge ya kwake, siku 30 kwa mwezi. Mwanga hukuliona hilo kwa sababu soko lilikuwa mlangoni. Hapo Gungu umeongeza maji ya dumu, na siku nyingine bodaboda.

Kwa hiyo usimwombe mumeo aongeze. Mwombe agawe tofauti. Elfu nane mara siku 30 ni 240,000. Apunguze hela ya meza iwe 5,500, na ile 2,500 ya kila siku akupe kwa mkupuo siku ya mshahara: ni 75,000. Kabla ya kumwambia, andika wiki mbili kila unachonunua, hata kiberiti, halafu umwekee daftari mbele siku ya mapumziko akiwa ameshakula. Usilizungumze jioni ile anapouliza hela imeenda wapi, maana hapo kila namba itasikika kama utetezi.

Hiyo 75,000 ya kwanza usiitawanye. Chagua kitu kimoja kinachokunyonya zaidi, na nyumba nyingi huwa ni mkaa. Hesabu gunia linatoa makopo mangapi ya muuza genge, uzidishe kwa bei ya kopo, utaona tofauti mwenyewe. Ukinunua, ingiza mkono hadi katikati ya gunia, kwa sababu mapande makubwa hupangwa juu na chenga hufichwa chini. Mkaa mzuri ukigonganishwa hulia kama vigae. Ukitoa mlio wa kufa, haukuiva au umelowa, na mkaa uliolowa hutumia moto wake kujikausha kwanza. Weka gunia juu ya matofali, mbali na ukuta.

Hapa wengi huanguka: gunia likiwa ndani, mkono unakuwa mwepesi, jiko linajazwa hadi pomoni, na majirani wanaomba "kidogo tu". Pima kopo moja la siku asubuhi, gunia ulifunge. Chenga usitupe. Makopo kumi ya chenga yaliyochekechwa, changanya na uji mzito uliopikwa kwa nusu kopo la unga wa muhogo, finyanga matonge ya ukubwa wa yai, anika juani siku nne au tano. Hayafai kwa chai ya haraka kwa kuwa huchelewa kushika, ila kwa maharage ni mazuri sana.

Na maharage yenyewe ndiyo yanayokula mkaa. Loweka usiku kucha, mwaga maji yale, weka maji mapya, chemsha kwa nguvu dakika 30 ukiwa umefunika. Kisha sufuria na mfuniko wake ziingie kwenye kikapu ulichokijaza nguo kuukuu, uzibe juu kwa blanketi, uache saa tatu bila kufungua. Yarudishe motoni dakika 15 au 20, yatakuwa yameiva. Zile dakika 30 usizipunguze, kwa sababu maharage mekundu yasiyochemka vya kutosha huumiza tumbo vibaya. Sufuria iwe karibu kujaa, maana iliyo nusu hupoa haraka. Nyanya na ndimu ziingie mwisho, kwani uchachu hufanya maharage yakatae kulainika. Na jambo moja ambalo sitaki ulichukulie kwa wepesi: jiko la mkaa lisilale ndani na nyinyi, hata mvua ikinyesha vipi. Moshi wake unaoua hauonekani na haunuki.

Mwezi wa pili wa mpango huu, akiba ya mkaa ikiungana na 75,000 mpya, nunua debe la maharage ya Kasulu na dagaa. Maharage yaanike siku moja, yaache yapoe, uyajaze kwenye madumu makavu mpaka shingoni na kufunga kabisa. Fukusi hufa kwa kukosa hewa. Ukiacha nafasi juu, umewaachia hewa.

Dagaa unajua wanavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo siku za giza wanapatikana, mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wengi wanapumzika na bei inapanda. Nenda mwaloni Kibirizi siku za giza. Nunua waliokaushwa kwenye vichanja. Wa mchangani ni rahisi, lakini utaulipia mchanga na utautafuna. Dagaa aliyekauka vizuri huvunjika kwa mlio, anang'aa, kichwa hakijang'oka. Nunua kabla mvua hazijashika, kwa sababu dagaa wa masika hukauka nje tu, ndani wana unyevu. Nyumbani waanike tena saa mbili tatu, wapoe kabisa, ndipo uwafunge kwenye ndoo yenye mfuniko. Ukiwafunga wakiwa na joto watatoa jasho na kuota ukungu. Wakague kila wiki mbili. Ukumbuke pia kwamba mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ukisikia tangazo la namna hiyo, weka akiba mapema.

Mawese yasubiri mwezi wa tatu wa mpango. Dumu la lita tano linatosha kuanzia. Yakirukaruka kikaangoni, yana maji, na maji ndiyo yanayoyachachisha. Yapashe taratibu mpaka yanyamaze, yapoe, uyahifadhi gizani. Usiyaunguze hadi yawe meupe, kwani wekundu ule ndio vitamini A ya wanao. Asubuhi ya baridi yakigawanyika mafungu mawili, moja zito na moja jepesi, hayajaharibika.

Maji sasa. Mvua za Kigoma huanza Oktoba na kuendelea hadi Mei, na una bati. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Upande mmoja wa paa lenu ukiwa na mita za mraba 30, mvua ya milimita 20 ni lita 600. Toa zinazomwagika, hesabu 480, ambazo ni madumu 24 usiyonunua. Huhitaji gata nyumba nzima. Funga upande mmoja tu, unaoelekea jikoni. Fundi ashushe sentimita moja kwa kila mita, na vishikio visizidi mita moja kati ya kimoja na kingine, la sivyo gata litabonyea katikati, maji yatatuama na mbu watazaliana humo. Bati liingie ndani ya gata sentimita tano hivi, likizidi hapo mvua kubwa itaruka nje.

Mvua ya kwanza ya msimu imwage yote, ni vumbi na kinyesi cha ndege. Baadaye, kila mvua inayokuja baada ya siku kadhaa za jua, acha dakika kumi za mwanzo zipite. Anza na mapipa mawili ya lita 200, na uulize yalibeba nini: lililobeba dawa ya shamba halioshiki. Tangi likija siku moja, la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja, hivyo litake msingi uliosawazishwa, vinginevyo litainama na koki itapasuka. Maji haya ni ya kufua, kuosha na kuogea. Ya kunywa yachemke, hasa ya mdogo. Mapipa yafungwe mfuniko wenye uzito. Mtoto wa miaka mitatu huchungulia kila kitu, na hata ndoo inaweza kumzamisha.

Chakula cha mdogo usikibane. Endelea kunyonyesha. Uji wake ongeza kijiko kikubwa cha unga wa dagaa kwa bakuli (dagaa wasio na chumvi, waoshwe mchanga, wakauke, wakaangwe bila mafuta, watwangwe na kuchekechwa) na kijiko kidogo cha mawese. Unga wa muhogo peke yake humshibisha bila kumjenga. Na muhogo mchungu ukiwa bei rahisi, uliza umelowekwa siku ngapi. Ziwe tatu au nne. Uliokatizwa una sumu inayolemaza miguu.

Kwenye yale madirisha mawili, bandua mabanzi ugongee nyavu za mbu kabla hujafikiria vioo. Chandarua cha mdogo hutolewa bure kliniki mtoto anapochanjwa surua akiwa na miezi tisa, basi usiikose tarehe hiyo.

Halafu makochi. Mkopo wa 300,000 unaorejeshwa 15,000 kwa wiki 28 ni 420,000, na hiyo 15,000 ni karibu hela yako ya meza ya siku tatu, kila wiki. Ukikwama wiki mbili, wenye kausha damu (mikopo ya riba kubwa) hawachukui makochi peke yake, huondoka na godoro na sufuria. Na wifi aliyekudhamini atakuwa mdai wako. Undugu utaingia dosari kwa ajili ya viti.

Chenye haki ya kutangulia ni sakafu ya chumba mnacholala, kwa sababu mdogo anakaribia kutambaa, na sakafu isiyosakafiwa hutoa vumbi lisilokwisha. Chumba cha mita tatu kwa tatu, unene sentimita nne, kinataka mifuko mitatu ya sementi na mchanga ndoo 21 za lita 20, ndoo saba kwa kila mfuko. Mchanga uwe safi, usio na udongo. Fundi asizidishe maji ili apige kwa urahisi, maana sakafu ya uji hupasuka na kuachia unga. Ikishika, imwagilieni asubuhi na jioni siku saba. Hii ndiyo hatua inayorukwa, halafu sementi inalaumiwa. Wiki hiyo lalieni chumba kingine.

Wifi mwambie kwa heshima, mumeo akiwepo: "Wifi yangu, nashukuru kwa kutujali. Kaka yako nami tumekubaliana sakafu kwanza. Wakati wa viti ukifika nitakuita tuchague wote." Mumeo aseme "ndiyo" pale pale mbele ya dada yake, umwombe hilo faraghani mapema. Kwa sasa mkeka mzuri na benchi la mbao zilizobaki kwenye ujenzi vinatosha kumkaribisha mgeni. Mbao hizo zing'olewe misumari yote kabla mkubwa hajazipanda.