Gari Linalogoma Kuwaka Mara Moja Moja: Likamate Likiwa Bado Limegoma

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Morogoro aliniandikia ujumbe mrefu. Ana Toyota Celica GT-Four, ile ST185 yenye taa za mbele zinazoinuka, na amechoka nayo. Asubuhi inawaka vizuri. Mchana akisimama dukani kununua maji, anarudi, anageuza ufunguo, inagonga "tak!" mara moja, kisha kimya. Akisubiri kidogo inawaka kama vile haikuwa na tatizo lolote. Ameshabadilisha betri na plagi, na sasa fundi anamwambia anunue alteneta. Akamalizia hivi: "Kaka, niliuze?"

Usiliuze. Na alteneta usinunue. Kazi ya alteneta ni kuchaji betri injini ikiwa inazunguka. Kama betri yako imeshiba na bado stata (mota inayozungusha injini iwake) haizunguki, alteneta haihusiki. Nakwambia kwa uhakika kwa sababu nimepita njia hiyohiyo, na gari la aina hiyohiyo.

Waliofuatilia mbio za magari za Safari Rally kule Kenya wanaelewa kwa nini mtu anang'ang'ania gari hili. Mwaka 1993 Celica zilishika nafasi nne za kwanza, Juha Kankkunen akiongoza. Mwaka uliofuata Mkenya Ian Duncan akaibuka mshindi akiwa ndani ya Celica. Picha ya gari lile jeupe lenye michirizi ya kijani na nyekundu, limejaa tope hadi kwenye vioo, ilinikaa kichwani tangu utotoni hadi nilipopata uwezo wa kuagiza la kwangu kutoka Japani. La mwaka 1992, injini 3S-GTE yenye cc 1998 na turbo, nguvu farasi 225 lilipotoka kiwandani. Kama unasoma hapa, najua na wewe una gari lako la namna hiyo, au unaliwekea akiba.

Likaanza kunigomea. Baya kuliko yote lilikuwa siku ya harusi ya dada yangu. Wageni wameshapanga foleni ya magari kuelekea ukumbini, mimi nageuza ufunguo: tak. Tukalisukuma nikiwa na suti, mashemeji wakitazama. Mjomba wangu akasema kwa sauti, kila mtu akasikia, kwamba mwanaume mwenye akili hanunui kinyago cha Kijapani akakiita gari. Nilinyamaza kwa kumheshimu. Maneno yale hayajanitoka hadi leo.

Nikalipeleka gereji. Kila nikifika pale linawaka. Fundi anageuza ufunguo, linanguruma, ananiangalia kama ninayemsumbua. Baadaye wakaniambia stata imekufa, wakanifungia nyingine waliyosema ni mpya. Nilidai ile ya zamani nikaondoka nayo, na namshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu "mpya" ile ilikuwa mtumba uliopakwa rangi ya fedha. Haikuchukua muda, tak ikarudi. Pesa hawakurudisha. Mkuu wa gereji aliniambia niende nikanunue gari la kawaida kama watu wengine.

Hapo ndipo nilipokaa chini nikafikiri vizuri. Tatizo la kuja na kuondoka ni kama homa ya vipindi: ukifika hospitali imeshashuka, daktari anapima mtu mzima. Fundi anayepima gari wakati linawaka anapima gari zima. Hata awe bingwa kiasi gani, hatakiona kitu ambacho kwa dakika ile hakipo. Kwa hiyo kipimo lazima kiwe tayari ndani ya gari, kinasubiri, ili siku likigoma usome jibu papo hapo kabla halijabadili mawazo.

Nilichofanya ni hiki. Kwenye stata kuna waya mnene unaotoka betri, na kuna waya mwembamba unaopata umeme pale tu unapogeuza ufunguo hadi mwisho. Kwenye ule mwembamba nikaunga waya mwingine, nikauwekea fyuzi ndogo karibu na stata, nikaupitisha hadi ndani ya gari na kuuunganisha na kitaa kidogo cha volti 12, upande wake wa pili kwenye athi, yaani chuma cha gari. Nikakibandika chini ya dashibodi. Kila nikipiga stata kitaa kinawaka. Multimita, kile kipimo cha volti, nikaiweka kwenye droo ya dashibodi, ikawa haitoki.

Mantiki yake ni nyepesi. Gari likigoma na kitaa hakijawaka, tatizo liko upande wa ufunguo: swichi ya ufunguo, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), swichi ya klachi kama gari lako linayo, au swichi ya gia kama ni otomatiki (jaribu kuwasha kwenye N badala ya P). Likigoma na kitaa kikiwaka vizuri, amri imefika, tatizo liko kwenye stata, waya mnene au athi. Umeshakata gari katikati. Hiyo nusu moja uliyoiondoa ni pesa nyingi ya spea ambazo hutanunua.

Siku yenyewe ikafika nikiwa Mwenge, Dar, kwenye jua la saa nane. Tak. Kitaa kikawaka, cheupe, bila kufifia. Nakuapia nilifurahi kuliko siku niliyolitoa bandarini. Nikamwomba kijana wa bodaboda aniwekee ufunguo kwenye kuwasha, gia nikiwa nimeitoa na breki ya mkono imevutwa, mimi nikashika multimita. Betri yenyewe: zaidi ya volti 12, haishuki. Betri inayovutwa na stata lazima ishuke kidogo. Hii ilikuwa haivutwi kabisa. Kutoka ncha ya hasi ya betri hadi kwenye chuma cha injini: karibu sifuri, athi iko sawa. Kisha kipimo cha mwisho, kati ya nati mbili kubwa za stata, ile inayopokea waya mnene na ile inayopeleka umeme kwenye mota. Ufunguo ukiwa umefungwa hapo husoma volti za betri. Stata iliyo nzima ukiipiga, kipimo kinashuka karibu na sifuri. Yangu ikabaki 12 ileile.

Maana yake stata ilisikia amri, ikagonga, lakini ndani yake umeme haukuvuka. Kwenye stata hizi za kampuni ya Denso kuna vipande viwili vya shaba, na sahani ya shaba inayovigonga ili kuviunganisha. Kila unapowasha gari panatoka cheche, shaba inaliwa. Baada ya miaka, siku nyingine sahani inagusa, siku nyingine haigusi. Na gari likiwa la moto hali inazidi, kwa kuwa koili inayovuta sahani hiyo ni ya waya wa shaba, na upinzani wa shaba huongezeka kama asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto, hivyo inavuta kwa nguvu ndogo. Joto likipanda nyuzi 50, umeshaongeza karibu asilimia 20.

Nilirudi nyumbani nikafungua ile stata ya awali niliyoidai gereji. Kipande kimoja cha shaba kilikuwa kimeliwa hadi kimebaki kama ukucha. Nikaenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar, nikiwa nimekishika mkononi kama sampuli (usiende bila sampuli, vina ukubwa tofauti), nikapata vipande viwili na sahani yake kwa bei ndogo sana ukilinganisha na stata nzima. Nikavifunga kwenye stata ile ya awali, nikairudisha garini. Tangu siku hiyo gari halijanigomea. Nimelipeleka Dodoma, nimelipeleka Tanga. Mjomba nimempeleka kanisani nalo, na hakusema kitu.

Ndugu zangu, tuache kununua spea kwa kubahatisha. Magari haya hayatengenezwi tena. Kila anayekata tamaa akaliuza kwa vyuma chakavu ametupunguzia urithi, na kila anayebadilisha betri, plagi, alteneta na pampu kwa mkupuo mmoja amelisha gereji, hajatengeneza gari. Pima kwanza. Fundi akikasirika kwa sababu umemwambia apime, ondoka. Fundi mzuri hakasiriki, atakuazima hata testa yake.

Kuna mahali pamoja zaidi nataka upaangalie, hasa kama kitaa chako hakitawaka. Magari mengi ya turbo kutoka Japani yamefungwa kifaa cha kuchelewesha injini kuzima, na waya zake zinapita kwenye soketi ya swichi ya ufunguo. Tukishayapokea, nasi tunaongeza alamu yenye rilei ya kukata umeme wa stata, imeungwa kwa kusokota waya na kuzungushia tepu. Joto la Dar linayeyusha gundi ya tepu ile, unyevu unaingia, shaba inaota kijani. Fungua kifuniko cha chini ya usukani, fuata kila waya ambao haukutoka kiwandani, na kila kiungo cha tepu kichomee risasi upya.

Na ukisikia tak-tak-tak-tak ya haraka badala ya moja, rudi kwenye betri na ncha zake. Betri iliyoshiba na kupumzika husoma volti 12.6, ikishuka chini ya 9.6 wakati wa kupiga stata, ama imechoka au haijachajiwa.

Kaka wa Morogoro, kabla hujagusa kwa spana nati yoyote ya stata, fungua kwanza waya wa hasi wa betri. Ule waya mnene hauna fyuzi, una umeme muda wote hata ufunguo ukiwa mfukoni, na spana ikigusa chuma cha gari hapo inawaka moto. Ukishapima, nitumie ulichosoma kati ya zile nati mbili.