Sekunde 24 za basketi zilitoka wapi?

SWALI: Habari mhariri. Hapa kijiweni tumebishana wiki nzima, mshkaji mmoja anasema ile saa ya sekunde 24 kwenye basketi, inayoilazimisha timu yenye mpira irushe kikapuni kabla muda haujaisha, imebuniwa New York, mwingine anakataa anasema ni mji unaitwa Syracuse, mi hata sijawahi kuusikia kwenye NBA, ile ligi ya basketi ya Marekani. Sasa kama ni kweli mbona hawana timu? Tuamulie maana kuna soda za watu hapa. – Msomaji, Mwanza

JIBU: Soda mgawane tu, Syracuse ipo jimbo la New York ila siyo lile jiji mnalolijua, ni mwendo wa kama saa nne kwa gari. Miaka ya 50 ulikuwa mji wa watu laki mbili na ushee, na timu walikuwa nayo, Nationals, mashabiki wakaifupisha wakaiita Nats. Aliianzisha 1946 mzee Danny Biasone, mhamiaji kutoka Italia, mwenye ukumbi wa boling, ule mchezo wa kuviringisha tufe.

Wakati ule timu ikishaongoza inakaa na mpira tu, pasi huku pasi kule, hakuna wa kuwalazimisha warushe. Tarehe 22 Novemba 1950 timu ya mji wa Fort Wayne iliifunga ya Minneapolis 19 kwa 18, dakika 48 nzima hizo jamani, nani atalipa kiingilio aangalie hivyo? Biasone na meneja wake Leo Ferris wakapiga hesabu, wakaona mechi tamu kila timu inarusha kama mara 60, jumla 120, na dakika 48 ni sekunde 2,880, gawanya kwa 120 unapata 24. Hesabu ya shule ya msingi kabisa! Agosti 1954 wakaijaribu kwenye shule moja palepale Syracuse, msimu uliofuata ligi nzima ikaanza nayo, na wastani wa pointi kwa timu ukaruka kutoka 79 hadi 93.

Msimu huohuo nani bingwa? Nats wenyewe, na fainali walikutana na nani kama siyo Fort Wayne, walewale wa 19 kwa 18. (Mechi za nyumbani za Fort Wayne zilipelekwa Indianapolis kwa sababu ukumbi wao ulikuwa na mashindano ya boling, sijui Biasone alicheka kiasi gani.) Mechi ya saba, Aprili 1955, Nats wakaachwa pointi 17. Zamani hapo mngeshaenda kulala maana wenzenu wangeuficha mpira, ila saa inahesabu, lazima warushe, Nats wakarudi mdogomdogo, mwishoni mchezaji wao George King akaweka mtupo huru mmoja (ule wa adhabu ya faulo) halafu akapokonya mpira, 92 kwa 91. Kwenye kikosi kile walikuwemo Earl Lloyd na Jim Tucker, weusi wa kwanza kuwa mabingwa wa NBA.

Sasa kwa nini hawana timu. Mi naona saa ndiyo iliyowaponza, mchezo ulivyonoga ukavuta televisheni na hela, na hela inataka miji mikubwa. 1957 Fort Wayne wakahamia Detroit, Rochester wakaenda Cincinnati, 1960 Minneapolis wakakimbilia Los Angeles. Syracuse walibaki waking'ang'ana na kaukumbi kao mpaka watu wa Philadelphia, ambao timu yao ya Warriors ilihamia San Francisco 1962, wakawa hawana timu, ndipo mwaka uliofuata matajiri wawili wa huko wakainunua Nats wakaipa jina 76ers. Ndiyo haohao mnaowaangalia leo, na ule ubingwa wa 1955 unahesabiwa wa kwao.

Biasone alifariki 1992, wakamuingiza kwenye ukumbi wa magwiji wa kikapu mwaka 2000, yeye mwenyewe hakuiona siku hiyo. Syracuse wamejenga mnara katikati ya mji wenye saa inayohesabu kutoka 24 kushuka, ikifika mwisho inaanza tena, usiku na mchana.