Mkate wa nyama ya moto: dakika ishirini, ukianza Jumapili

Mara ya kwanza nilipowapa watu wangu mkate wa nyama, yaani slesi mbili na nyama ya kukaanga katikati, kwa chakula cha usiku, mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Mpwapwa. Alikula, akanawa mikono, akatulia akiangalia mlango wa jikoni. Baadaye akauliza kwa upole kabisa, "Haya mwanangu, na chakula je, bado?"

Sikumlaumu. Kwetu mkate ni kitafunwa, unakwenda na chai. Usiku watu wanategemea ugali au wali. Halafu siku hiyo nyama yenyewe ilikuwa ngumu kama kandambili. Mume wangu alianza kutafuna kipande kimoja taarifa ya habari inaanza, wamefika kwenye michezo bado anacho mdomoni. Na mama mkwe ni mtu wa Mpwapwa, mji ambao hata aina ya ng'ombe imepewa jina lake, kwa hiyo nyama huwezi kumdanganya.

Kilichofanya nisikate tamaa ni saa. Nafanya kazi Mtumba, naishi Nkuhungu, yaani kila jioni nauvuka mji wote toka mashariki hadi magharibi. Nikishuka kwenye daladala giza limeshaingia na watoto watatu wako barazani wanauliza tunakula nini. Saa hiyo huwezi kuanza kuchemsha nyama, hasa kwa hapa kwetu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100 kama ya Dar es Salaam. Nyama ya mchuzi inakaa motoni zaidi, wageni kutoka pwani wanadhani umeuziwa ng'ombe mzee. (Wakati mwingine kweli ni mzee. Hawa ng'ombe wetu wanatembea mbali kutafuta majani na maji, msuli unakomaa.)

Kukaanga hakujali habari ya maji kuchemka. Ila kukaanga kunataka nyama nyembamba, na hapo ndipo nilipokosea. Nilikata vipande vya mchuzi.

Sasa nafanya hivi. Jumapili nanunua steki bila mfupa, kilo moja na nusu, ambayo kwetu watu sita ni milo miwili. Sarara ni laini zaidi lakini bei yake inauma, na kwa kazi hii siioni faida yake. Nyama ikifika nyumbani siikati. Naiweka kwenye sehemu ya barafu kama saa moja, mpaka ukiibonyeza kwa kidole inakataa lakini kisu bado kinapita. Nyama laini inateleza na kukimbia kisu, ila iliyokaza inakubali kukatwa hadi uone mwanga kwa upande wa pili.

Kabla ya kukata, iangalie. Utaona nyuzi zimelala upande mmoja, kama mistari ya mkeka. Kisu kikatize nyuzi hizo, kisifuatane nazo. Ukikata kwa kuzifuata unamwachia mlaji kamba ndefu azikate kwa meno. Ukizikatiza, kamba zimeshakatwa na kisu. Laiti ningeambiwa hili moja tu miaka ile, mume wangu asingeugua taya.

Vipande nachanganya na tangawizi ya kusaga kijiko kimoja cha chai kwa kila nusu kilo, punje tatu za kitunguu saumu, pilipili manga na mafuta ya alizeti kidogo. Chumvi naiacha hadi siku ya kupika. Nagawa mafungu mawili kwenye makopo bapa yenye mfuniko, narudisha kwenye barafu. Asubuhi ya siku ya kupika nateremsha kopo moja chini kwenye friji, jioni nalikuta limeyeyuka. Umeme ukikatika kutwa nzima na nyama ikapata joto, usijaribu bahati.

Kuna watakaokwambia utie papai bichi. Ni kweli linalainisha, hata kipande cha ukubwa wa kidole gumba kinatosha nusu kilo. Lakini ni kwa nusu saa tu, kisha unakaanga. Mimi nililaza nyama na papai usiku kucha nikijiona mjanja, kesho yake nikaipata kama uji. Ilishikika kwa kijiko.

Jioni, kabla hata sijavua viatu, kikaango kizito kinapanda jikoni. Kiache kishike moto mpaka mafuta yaanze kutembea yenyewe. Nyama usiimwage yote. Mimi naigawa mara tatu hadi nne, kila fungu dakika mbili tatu, nikigeuza mara moja, nahakikisha wekundu umeisha kwa sababu ya watoto. Sikiliza sauti. Ikilia chwaa, unakaanga. Ikishuka ikawa ya kutokota, umejaza mno, nyama imetoa maji na sasa unaichemsha, itatoka ya kijivu na ngumu. Ikikutokea, toa nusu, subiri moto urudi.

Nyama ikishatoka, kikaango usikioshe. Ule ukoko wa kahawia uliobaki chini ndio utamu wenyewe. Tia vitunguu maji viwili vya kukata pete, hoho moja, halafu nyanya mbili. Zikilainika, mimina kikombe kimoja cha maji baridi uliyokoroga na kijiko kimoja cha chakula cha unga wa ngano, kwangua ule ukoko kwa mwiko, onja chumvi. Baada ya dakika tano una rojo zito. Rudisha nyama ipashike tu, kisha zima moto na ukamulie nusu ndimu. Wazo la rojo nililipata kwa Wamarekani. Wao kuna namna wanayokula hivi: mkate umelala kwenye sahani, nyama juu yake, viazi vya kuponda pembeni, na mchuzi mzito unamwagwa juu ya vyote, unakula kwa uma. Watoto wangu wanakataa uma, wanataka kushika.

Kwa hiyo mkate lazima uhimili. Slesi zetu nyingi ni laini na zina sukari, zikiguswa na mchuzi zinayeyuka mkononi. Nanunua mkate wa siku iliyopita kwa makusudi, na miezi ya Juni na Julai upepo wa Dodoma unanikaushia bure. Naoka kila slesi upande mmoja tu kwenye kikaango kikavu. Upande uliokaushwa ndio unaolala ndani, ukiangalia nyama. Unazuia mchuzi kama ngozi, na nje panabaki laini kwa fizi za mdogo wetu wa miaka minne. Kabichi ya kuchambua nyembamba na karoti juu, pilipili kwa wakubwa, basi.

Kila mtu mkate mmoja wa slesi mbili, wenye njaa wanaongezwa. Tangu kuwasha jiko hadi kunawa ni dakika ishirini na kitu, ukiwa na mtu wa kukukatia vitunguu.

Mama mkwe alirudi mwezi uliofuata. Safari hii nilipoanza kukaanga nilibandika na sufuria ndogo ya maji kwenye jiko la pili, nikasonga ugali kidogo wa uwele, sahani moja. Akamegea nyama na rojo, akaipeleka polepole, akasema nyama hii ya leo imepikwa na mtu mwingine. Sasa akija nafanya hivyo bila kuuliza. Mkate wake anauchukua asubuhi, na chai.