Feiza ipi ninunue? Majibu kwa wapiga gita

Maswali mengi niliyopokea mwezi huu yanahusu kifaa kimoja: feiza, ile pedali ndogo inayoifanya sauti ya gita la umeme izunguke polepole kama upepo wa feni. Nimechagua machache, nimeyafupisha, nayajibu moja baada ya jingine.

Shikamoo mwalimu. Napiga gita la ridhimu kwenye bendi ya dansi na fedha yangu inatosha pedali moja tu. Kuna MXR Phase 90 yenye nobu moja, na kuna Boss PH-3 yenye nobu kadhaa na mitindo mingi. Mwenye akili anachukua ipi? (Morogoro)

Marahaba. Chukua yenye nobu moja, na nitakueleza kwa nini.

Ndani ya feiza sauti yako inagawanywa njia mbili. Njia ya kwanza inapita jinsi ilivyo. Ya pili inapitishwa kwenye vichujio ambavyo havikati kitu, vinayasogeza mawimbi tu, kila masafa (sauti ya juu au ya chini) kwa kiasi chake. Njia hizo zikikutana tena, pale mawimbi yanapopingana sauti inafutika na linabaki bonde. Kila vichujio viwili vinatoa bonde moja. Halafu kuna saketi nyingine ndogo inayoyasukuma mabonde hayo juu na chini bila kupumzika, na huko kusukumwa ndiko sikio linasikia kama mzunguko. Nobu ya kasi inaamua yasukumwe haraka kiasi gani.

Phase 45, pedali nyingine ya MXR, ina vichujio viwili, kwa hiyo bonde moja. Phase 90, iliyotoka Rochester, New York, mwaka 1974, ina vinne, mabonde mawili. PH-3 ni ya kidijitali na inakuruhusu kuchagua vichujio 4, 8, 10 au 12. Watu wanadhani vingi ndiyo bora. Kwa ridhimu ya dansi ni kinyume. Kazi yako ni kushikana na solo na besi, kila noti ikae mahali pake. Mabonde yakizidi, nusu ya kodi yako (noti unazozipiga kwa pamoja) inamezwa kila mzunguko unapopita, na mwenzako wa solo anabaki anacheza juu ya shimo.

Ukienda dukani usijaribu kwa kasi ile wanayopenda wauzaji, ya kutetemesha kila kitu. Rudisha nobu karibu kabisa na mwanzo, kisha piga mzunguko wako uleule wa ridhimu unaoupiga jukwaani, kwa dakika mbili nzima. Sikiliza mambo mawili tu. Nyuzi nene bado zinasikika? Ukikanyaga pedali, sauti imebaki ukubwa uleule au imepanda au kuzama? Feiza inayoshinda majaribio hayo mawili ni yako, iwe na jina kubwa au dogo.

Kama unaweza kuipata, Phase 95 ya MXR ndiyo ningekununulia wewe. Ni ndogo zaidi, na ina swichi ya kuhama kati ya 45 na 90. Upande wa 45 ndio ulio mpole kwa ridhimu. Swichi yake ya pili inaondoa ule mrudisho wa sauti ndani ya saketi unaoifanya feiza iwe kali, na unapata sauti laini ya zile za kwanza kabisa.

Na kasi? Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, baa moja ya mapigo manne ni sekunde 2. Weka mzunguko mmoja uchukue baa mbili, yaani sekunde 4. Sebene ikianza, izime. Pale vidole vinatosha.

Mwalimu, nina korasi tayari. Rafiki ananiambia feiza, flanja na korasi ni kitu kilekile, nisipoteze pesa. Ni kweli? (Mombasa)

Si kweli, ingawa naelewa kwa nini anasema hivyo, maana zote zinazunguka.

Korasi inachukua sauti yako, inaichelewesha kwa takriban milisekunde 20, na kuyumbisha muda huo ili nakala ipande na kushuka kidogo. Unasikia kama magita mawili. Flanja pia inachelewesha, ila kwa milisekunde chache mno, na matokeo yake ni mabonde mengi yaliyopangana kwa umbali sawa kama meno ya kitana. Hiyo ndiyo inatoa ule mlio wa ndege inayopaa. Feiza haicheleweshi kwa namna hiyo. Mabonde yake ni machache na hayajapangana kwa umbali sawa, kwa hiyo haina mlio wa chuma. Iko karibu na sauti ya mtu anayebadilisha umbo la mdomo huku ameshikilia irabu moja.

Ukiwa na korasi, feiza itakupa kitu ambacho huna. Flanja ingekaribiana na ulichonacho.

Kaka, niko Minnesota na nataka kumnunulia mdogo wangu wa Arusha feiza, pamoja na adapta yake. Niangalie nini? (Marekani)

Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kufunga mzigo, kwa sababu hapa ndipo pedali nyingi zinafia.

Geuza adapta usome maandishi madogo. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, iache hukohuko. Umeme wa Arusha ni volti 230, na adapta hiyo itaungua, pengine ikaondoka na pedali. Unayotaka imeandikwa 100-240V. Plagi ya Marekani yenye bapa mbili haiingii kwenye soketi ya Tanzania ya mashimo matatu, lakini kigeuzi cha plagi kinapatikana kirahisi. Kumbuka tu kwamba kigeuzi kinabadilisha umbo la plagi, hakibadilishi volti.

Kisha angalia upande unaoingia kwenye pedali. Pedali nyingi za leo zinataka volti 9 za DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri), hasi katikati na chanya nje. Adapta nyingi za redio na vifaa vya nyumbani ni kinyume chake, chanya katikati, huku plagi zikifanana kabisa. Mimi niliiunguza pedali yangu ya kwanza hivyo, kwa adapta ya redio ya mama, na iliniuma kwa miaka. Mchoro mdogo wa duara na alama za kujumlisha na kutoa umechapwa kwenye adapta na kwenye pedali. Mwambie mdogo wako ailinganishe michoro hiyo miwili kila mara anapoazima adapta ya mtu. Na ukikutana na Small Stone ya zamani ya Electro-Harmonix, ujue tundu lake la umeme ni tofauti na la kawaida. Toleo jipya dogo, Nano, linatumia la kawaida.

Jambo la mwisho ni betri. Feiza ya analogi inakula umeme kidogo sana, na betri moja ya volti 9 inaivusha shoo nzima hata umeme ukikatika na bendi ikahamia jenereta. Hiyo ni faida kubwa kwetu. Lakini pedali ndogo kabisa, zile za ukubwa wa kiganja cha mtoto, hazina nafasi ya betri. Phase 90 inayo, ila lazima ufungue skrubu nne za bamba la chini. Za Boss zinafunguka kwa kidole. Mwambie pia achomoe waya wa gita akimaliza, kwa sababu kuchomeka jeki ya kuingilia ndiko kunakoiwasha saketi, na pedali iliyoachwa na waya usiku kucha inaamka na betri iliyokufa.

Feiza ikae kabla ya distosheni au baada? Kila mtu ananiambia lake. (Nairobi)

Jaribu zote mbili, ni suala la kubadilisha waya mbili. Ikikaa kabla, distosheni (pedali inayoifanya sauti ya gita ikwaruze) inaisaga, na mzunguko unasikika kama rangi iliyo ndani ya sauti. Ikikaa baada, inakuwa imepewa sauti nene yenye masafa mengi ya kukata, na mzunguko unafagia kila kitu.

Mpiga gita Eddie Van Halen, kwenye albamu ya kwanza ya bendi yake mwaka 1978, aliipitisha gita kwenye Phase 90 na kuiingiza kwenye ampu (kikuza sauti) iliyokuwa tayari inanguruma. Aliiweka polepole. Ukisikiliza "Eruption" kwa makini utaona feiza haijitangazi, inaisukuma solo mbele kidogo tu. Mimi naanza kabla, na mara chache nimejuta.

Hizi feiza za bei nafuu kutoka China zinafaa? (Tanga)

Nyingi zinafaa kabisa, dada yangu. Saketi ya feiza ni ya zaidi ya miaka 50 na inajulikana. Mooer Ninety Orange na JOYO Vintage Phase zinafuata njia ya Phase 90. Behringer VP1 inafuata Small Stone, ambayo nayo ina nobu moja na swichi iitwayo Color ya kuongeza kina. Ukitaka sauti nzito na yenye majimaji, fuata ukoo wa Small Stone. Ndiyo pedali ambayo Mfaransa Jean-Michel Jarre aliipitishia kinanda chake miaka ya 1970, na ile sauti ya nyuzi inayoelea ilitoka humo.

Kinachotofautisha za bei nafuu ni vyuma, kuliko saketi. Tikisa jeki, kanyaga swichi mara 20, zungusha nobu usikilize kama inakwaruza. Ikiwa jeki inacheza leo, baada ya miezi michache ya kuifunga na kuifungua utakuwa kwa fundi.

Napiga besi. Naruhusiwa? (Bukavu)

Unaruhusiwa, lakini kwa kipimo. Bonde likipita kwenye noti za chini, besi inakonda na bendi nzima inakosa sakafu. Tafuta feiza yenye nobu ya kuchanganya sauti safi na iliyozungushwa, au yenye vichujio viwili tu, na uitumie pale besi inapopewa nafasi yake.

Mwalimu, nataka sauti ya Hendrix wa Woodstock. Phase 90 itanipa? (Zanzibar)

Itakukaribisha mlangoni, haitakuingiza ndani. Kile alichokanyaga mpiga gita Jimi Hendrix kwenye tamasha la Woodstock, Marekani, mwaka 1969 ni Uni-Vibe, kifaa kilichoundwa Japani na mhandisi Fumio Mieda. Ndani yake kuna balbu ndogo inayowaka na kufifia, na kuizunguka kuna seli nne zinazohisi mwanga. Mwanga ndio unaoendesha vichujio. Balbu haiwaki na kuzima kwa mwendo ulio sawa, inapanda haraka na kushuka kwa uvivu, kwa hiyo sauti inapiga kama moyo. Tena vichujio vinne vya Phase 90 vimefanana, vya Uni-Vibe kila kimoja kina kipimo chake. Mabonde yake hayana kingo kali, yametandazwa.

Kifaa cha asili ni kikubwa na adimu. MXR wanatengeneza Uni-Vibe ndogo ya ukubwa wa pedali ya kawaida, yenye nobu tatu. Anza na hiyo. Mimi naipenda kuliko feiza yoyote kwa nyimbo za polepole, na ningekudanganya nikisema vinginevyo.

Kanisani kwetu hakuna ampu. Nachomeka feiza moja kwa moja kwenye miksa, inatoa mlio mwembamba unaochoma masikio. Feiza mbovu? (Dodoma)

Feiza ni nzima. Spika ya ampu ya gita inakata sauti kali za juu, na kwako hakuna kitu kinachozikata, kwa hiyo mzunguko unafika hadi kule juu ambako haupendezi. Na tundu la kawaida la miksa halikuundwa kupokea gita la umeme moja kwa moja.

Omba kanisa linunue boksi la DI, kile kifaa kidogo kinachoifanya sauti ya gita iendane na miksa, hata la bei ya chini, liweke baada ya feiza. Kwenye miksa punguza sauti za juu za njia yako. Ukipata boksi lenye swichi ya kuiga spika, ndilo hilo.

Nimenunua Phase 90 iliyotumika. Taa inawaka, gita linasikika, lakini sauti haizunguki hata nikifungua nobu yote. Nimeibiwa? (Kisumu)

Pengine hapana. Jaribu kwanza betri mpya ya volti 9. Ikishindikana, fungua bamba la nyuma utazame ubao. Kuna nobu ndogo inayozungushwa kwa bisibisi. Hiyo inapanga volti inayoziendesha transista nne za vichujio, na mtu aliyewahi kuichezea kwa udadisi anaweza kuifikisha mahali ambapo hakuna kinachosogea. Transista zenyewe zinafanya kazi, hazijaamshwa tu.

Kabla hujagusa, piga picha na uchore mstari kwa kalamu kuonyesha ilipokuwa. Chomeka gita, weka nobu ya kasi katikati, shikilia kodi moja, au mwombe mtu akupigie, kisha zungusha bisibisi taratibu sana. Kuna sehemu nyembamba ambapo mzunguko utaanza kusikika, utakuwa mzuri, halafu utapotea tena. Simama katikati ya sehemu hiyo. Usipoipata kabisa, irudishe kwenye mstari wako na umpelekee fundi redio unayemwamini, umwambie aanze na saketi ya mwendo kabla hajang'oa transista, kwa sababu zimechaguliwa zifanane na kupata nne nyingine za namna hiyo ni kazi.

Niandikie ikizunguka.