Piriton haikumsaidia mwanangu

Jumatatu mama mmoja wa Morogoro ameniandikia: “Dada, mwanangu alikula kashata akavimba midomo, nikampa Piriton akatulia. Basi yamekwisha?” Nilikuwa dukani. Nikatoka nje kwanza, maana na mimi niliwahi kudhani yamekwisha.

Mwanangu alikuwa na miaka 6 tulipokwenda msibani Muheza. Nilishajua ana mzio wa karanga, zinamtoa vipele, na Piriton ilikuwa mkobani. Nilijiona mama aliyejipanga. Mchana ukapakuliwa wali kwa kisamvu. Nikauliza kama kina karanga. Shangazi wa mume wangu akanijibu mbele za watu, “Mtoto wa kiume hadekezwi hivyo. Hiyo ni nazi tupu.” Nikaona haya kubishana na mkubwa, tena msibani. Nikamwacha ale.

Hazikupita dakika 10. Alianza kukohoa, sauti ikakauka, macho yakavimba. Nikamnywesha Piriton, akaitapika. Pumzi ikawa inatoka kwa mlio, na alipojaribu kusimama akaanguka. Tukapanda bodaboda, nimempakata. Zahanati ya kwanza, kabati la dawa za dharura limefungwa na mwenye ufunguo amekwenda kula. Sitaitaja, lakini lile kufuli bado ninaliona. Kituo cha pili, nesi kijana hakuuliza hata jina. Alivunja ampuli, kichupa cha dawa ya sindano iitwayo adrenalini, akamchoma pajani upande wa nje, akamlaza chali na kumwinua miguu. Baada ya dakika chache mtoto akaniita, “Mama.”

Nililia pale pale sakafuni.

Piriton hutuliza mwasho na vipele. Haifungui koo lililovimba wala haipandishi presha iliyoshuka. Kazi hiyo ni ya adrenalini, na ikicheleweshwa hatari inazidi. Zile kalamu za kuchomea adrenalini, zenye dozi tayari, ni adimu na ghali huku kwetu. Daktari wetu aliniandikia ampuli ya miligramu 1 na sindano zake, akapima dozi kwa uzito wa mtoto, miligramu 0.01 kwa kila kilo, akanifundisha kuivuta. Nilifanya mazoezi kwa maji mpaka mkono ukaacha kutetemeka. Ampuli siiweki juani wala kwenye friji. Dawa ikibadilika rangi, naitupa.

Ukishachoma, safari ya hospitali iko pale pale, hata kama mtoto amechangamka, kwa sababu mzio unaweza kurudi baada ya saa kadhaa. Wala usimsimamishe ghafla. Pumzi ikimbana mwache akae, akizimia mlaze.

Na wazazi wenzangu, acheni kuona haya! Muulize aliyepika, siyo aliyepakua. Mwambie mwalimu, mwambie dereva wa basi la shule, mwambie bibi yake. Watakuita mwenye makuu. Mimi bado naitwa hivyo, na shangazi mpaka leo hajaniomba radhi. Msiba uliofuata nilikwenda na hotpoti ya mwanangu, nikaiweka mkekani mbele ya shangazi.

Mama wa Morogoro, usingoje kashata ya pili. Mpeleke mtoto akapimwe, kisha pita kituo cha afya kilicho karibu na kwako uwaulize: adrenalini ipo, na ufunguo anao nani?